LyX bila TeX haitoi PDF: mkusanyiko upi, na uusakinisheje

LyX ni kihariri cha hati tu. Ukibonyeza kitufe cha kutazama PDF, hati yako hugeuzwa kuwa msimbo wa LaTeX (lugha ya kupangia hati), kisha hukabidhiwa programu nyingine ipange herufi na kurasa. Programu hiyo haimo ndani ya LyX. Kwa hiyo sakinisha kwanza mkusanyiko wa TeX, yaani programu hiyo ya kupanga pamoja na faili zake, LyX ifuate. Ukianza na LyX itafunguka na utaandika vizuri, ila PDF haitatoka.

Mikusanyiko inayotumika sana ni TeX Live na MiKTeX. MacTeX ni TeX Live ileile iliyofungashwa kwa ajili ya macOS. Kwa mtumiaji wa LyX napendekeza TeX Live kamili bila kusita, mradi diski ina nafasi ya gigabaiti 10 hivi. Sababu si wingi wa vifurushi (faili za nyongeza za LaTeX) peke yake. LyX huikagua kompyuta inapojisanidi, ikaandika orodha ya vifurushi na aina za hati ilizozikuta, kisha ikaishi na orodha hiyo. MiKTeX nayo huanza na vifurushi vichache na kuvuta vingine kutoka intaneti vikihitajika. Hapo ndipo zinapopishana: aina ya hati unayoitaka inaonekana kwenye menyu imeandikwa “Unavailable”, wakati MiKTeX ingeweza kuileta mara moja. Ukiwa na mkusanyiko kamili unaepuka hayo yote, na unaandika hata intaneti isipokuwepo.

MiKTeX inafaa diski ikiwa finyu. Ukiichagua, iruhusu isakinishe vifurushi vinavyokosekana bila kukuuliza. Dirisha la kuuliza huweza kujificha nyuma ya LyX, ukadhani kompyuta imeganda. Kisha fungua MiKTeX Console usasishe kila kitu kabla ya kuigusa LyX. Kama uliisakinisha kwa watumiaji wote, sasisha upande wa msimamizi na upande wa mtumiaji pia. Kusasisha upande mmoja tu ni chanzo cha makosa mengi yasiyoeleweka.

Kwa TeX Live kwenye Windows, pakua install-tl-windows.exe. Kazi huweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa kuwa vifurushi ni maelfu, na mwishoni huundwa faili za fomati. Usiifunge kabla haijasema imemaliza. Intaneti ikikatika, kisakinishi huacha faili ya installation.profile, nawe unaendelea kwa amri `install-tl --profile installation.profile`. Mtandao ukiwa wa kusuasua, heri upakue texlive.iso kwa programu inayoweza kuendelea ilipoachia, kisha usakinishe kutoka humo. Kuokoa nafasi, ondoa nyaraka za maelezo na misimbo chanzo: ukubwa hupungua karibu nusu na LyX haiathiriki.

Kwenye Debian na Ubuntu, `sudo apt install texlive-full lyx` inatosha. Usiichanganye na TeX Live uliyoipakua mwenyewe, la sivyo hutajua ni ipi inayotumika. Kwenye macOS chukua MacTeX. BasicTeX ni ndogo mno kwa LyX.

Ukishamaliza, andika `latex --version` kwenye terminali. Ikijibu, fungua LyX, nenda Tools kisha Reconfigure, halafu uifunge na kuifungua upya. Ikiwa LyX bado haioni kitu, weka njia kamili ya folda yenye programu za TeX kwenye Preferences, sehemu ya Paths, kwenye PATH prefix, kwa mfano C:\texlive\2025\bin\windows. Angalia huo mwaka: TeX Live hutoka upya kila mwaka kwenye folda yake, na ukihamia mpya njia hiyo lazima ibadilishwe.

PDF ikigoma, soma Document, LaTeX Log. Kosa la kawaida ni “File `tikz.sty' not found”. Wengi hukimbilia kusakinisha kifurushi chenye jina la faili, na hapa wanakwama, maana tikz.sty imo ndani ya kifurushi kiitwacho pgf. Kwenye TeX Live uliyoipakua mwenyewe, tumia tlmgr, programu yake ya kusimamia vifurushi: tafuta kwanza kwa `tlmgr search --global --file /tikz.sty`, kisha `tlmgr install pgf`, halafu Reconfigure tena.