Kulifunga tanga la mbele la mashua ndogo

Kwa msimu mzima niliamini kwamba mashua yangu haiwezi kubisha, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka. Kila nilipoisogeza karibu na upepo, tanga la mbele lilipigapiga sehemu ya juu ilhali chini limekaza, nami nikazidi kuivuta demani, yaani kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, mpaka viganja vikauma. Hapakuwa na ila katika mashua wala katika tanga: kapi la demani lilikuwa limewekwa nyuma mno. Siku nilipolisogeza mbele kidogo tu, mashua ilibadilika kabisa.

Kazi yenyewe huanza kabla ya tanga kutwekwa. Mimi hufunga kwanza pembe ya mbele ya chini, yaani goshi, penye omo, ncha ya mbele ya mashua, kisha nabana vishikizo kwenye waya wa mbele kimoja kimoja kuelekea juu, vyote vikitazama upande mmoja, kwa sababu kimoja kikigeuzwa tanga lote husokoteka. Kabla ya kuunga henza, kamba ya kutwekea tanga, kwenye pembe ya juu natazama mlingotini, nikihakikisha kwamba kamba haikujizungusha kwenye waya. Pembe ya nyuma naifunga kwa fundo la kitanzi kisichokaza wala kuteleza, wala sitii chuma hapo, maana tanga linapopigapiga kipande hicho kinaweza kumpasua mtu uso. Demani zote mbili zipite njia iliyo sawa kando ya nyaya za mlingoti, na mwisho wa kila moja uwe na fundo la umbo la nane, ili isichomoke kwenye kapi.

Jambo linalostahili subira zaidi ni mahali pa kapi. Tanga likishajaa, fuata kwa macho mstari wa demani kutoka kwenye kapi hadi pembe ya nyuma, kisha uuendeleze hadi ukingo wa mbele. Mstari ukiufikia ukingo huo karibu na nusu yake, umepata pa kuanzia. Kapi likiwa nyuma mno, demani huvuta ukingo wa chini na kuuachia ule wa nyuma, hivyo sehemu ya juu hupinda na kumwaga upepo. Likiwa mbele mno, ukingo wa nyuma hukaza, tumbo la tanga huzidi, na nafasi kati yake na tanga kuu huzibwa, ilhali nafasi hiyo ndiyo inayoyafanya matanga mawili yafanye kazi pamoja. Nyuzi za sufu zilizobandikwa pande zote mbili, karibu na ukingo wa mbele, juu, katikati na chini, husema wazi: unapoukaribia upepo taratibu, nyuzi za upande wa goshini, yaani upande unakotoka upepo, zianze kutikisika kwa pamoja. Za juu zikitangulia, sogeza kapi mbele. Za chini zikitangulia, lirudishe nyuma.

Kuhusu henza, mikunjo ya kulala inayotoka kwenye vishikizo huonyesha kwamba imelegea, na mkunjo mmoja mrefu wa kusimama sambamba na waya huonyesha kwamba imekazwa kupita kiasi. Upepo ukizidi, ikaze zaidi, kwa kuwa tumbo la tanga husukumwa nyuma. Kamba mpya hurefuka inapobeba uzito, kwa hiyo baada ya mwendo mfupi mimi hurudi kuitazama mikunjo hiyo kabla sijaligusa tena kapi.