Nati Iliyolegea

Jana mwanangu aliitoa ile bolti kwenye droo yangu, akazungusha nati yake kwa kidole kimoja, kisha akauliza, "Baba, mbona inacheza?"

Inacheza kwa sababu nilikuwa najua hesabu.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu kwenye mashine ya kukereza, na kanuni nilikuwa nayo kichwani kama jina langu: umbali wa uzi mmoja hadi mwingine zidisha kwa 0.6134, umepata kina cha hesi, ile mifereji inayozunguka bolti. Bolti ya M20 ya kawaida, yaani ya kipenyo cha milimita 20, ina umbali wa milimita 2.5, basi kina ni 1.53. Niliiandika kwa chaki kwenye mwili wa mashine, kubwa, ili mzee, fundi wangu, aione akipita.

Nikagusisha kisu, nikaweka gurudumu la namba, lile linaloonyesha kisu kimesogea kiasi gani, kwenye sifuri, nikala chuma kidogo kidogo hadi 1.53. Nati ikagoma hata kuanza. Nikaipuliza, nikaipaka mafuta, nikaigeuza upande wa pili, utadhani kosa ni lake.

Mzee alikuja, akapitisha ukucha juu ya zile nyuzi. "Vilele bapa hivi," akasema. "Gurudumu hili linahesabu nini, bwana mdogo?"

Lilikuwa linahesabu kipenyo. Ukilisogeza 1.53, kisu kinaingia nusu tu, 0.77 hivi, maana chuma kinazunguka na kuliwa pande zote. Kuna mashine zinazohesabu mwendo wa kisu chenyewe. Na wanaoingiza kisu kwa mshazari wa digrii 30 wana namba yao nyingine, 1.77 kwa bolti hiyohiyo. Kanuni ni moja, magurudumu ndiyo hayasikilizani.

"Endelea," mzee akasema, "ila ukifika 2.60 sahau hiyo chaki. Kata kidogo, jaribu nati. Kata kidogo, jaribu nati." Akaenda zake.

Mtu aliyeaibika masikio yake huziba. Nilifuta 1.53, nikaandika mara mbili yake, 3.07 ukihesabu na desimali nilizokuwa nimeziacha.

Mkato wa mwisho nauona mpaka leo. Mashine inazunguka polepole kiasi cha kuhesabu mizunguko, kisu kinaingia kwenye mfereji wake bila kuukosa hata unywele, mafuta yanafuka moshi mwembamba, na unyuzi wa chuma unajikunja kutoka nchani, moto, wa rangi ya majani makavu. Mkono wangu wa kushoto uko tayari kuvuta kisu nje kitakapofika kwenye kikomo. Pua imejaa harufu ya mafuta yaliyoungua. 3.05. 3.07. Nikavuta.

Nati iliingia, ikateleza hadi mwisho karibu yenyewe. Nilifurahi kwa sekunde mbili hivi, kisha nikaitikisa.

Mzee hakuitazama bolti. Alifungua kisu, akakiinua kwenye mwanga, akanionyesha ncha. Asubuhi ilikuwa imemeguka, nami nikainoa kwa macho, bila geji, kile kipimo cha umbo la ncha. Ikatoka pana. Ncha pana huchimba mfereji mpana, kwa hiyo nati ilikuwa imeshapata nafasi yake kabla kina cha kwenye hesabu hakijafika. Pengine 2.80 ingetosha. Na kama ncha ingekuwa imechongoka mno, hata 3.07 isingetosha.

"Hesabu yako ni sahihi," akaniambia. Afadhali angenigombeza.

Mtoto nilimwambia tu kwamba nilikata nikapitiliza.

"Kwani hukupima?"

"Nilipima."

Akanitazama, akaitazama bolti. Nilitaka kumweleza habari za ncha na gurudumu, nikaona nitarudi kulekule kwenye chaki. Wakati huo alishaisimamisha bolti mezani, akaipa nati kidole, ikashuka ikizunguka na kugongagonga hadi chini.

"Mimi naipenda hivi," akasema. "Inashuka haraka."