Jiko liko nje?

Umeå, kaskazini mwa Uswidi, Jumanne ya Januari. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyuzi 23 chini ya sifuri.

Glavu yangu ya mkono wa kulia imepotea. Jana nikitoka kazini niliivua ili nijibu simu, nikaitia mfukoni, na nilipofika mlangoni haikuwemo. Ni glavu ya sufu ya kawaida, wala si ya bei. Lakini leo zamu yangu inaanza saa moja, kuna wazee sita katika nyumba sita wanaonisubiri niwaamshe, niwaoshe na kuwapa dawa zao, na kutoka nyumba hadi nyumba naendesha baiskeli. Kwa baridi hii mkono mtupu hauwezi kushika usukani hata dakika tano.

Nimeshalisema. Kabla sijapiga mswaki, kabla sijawasha taa, nimebonyeza simu na kusema: "Jamani, glavu yangu ya kulia imepotea." Ujumbe wa sekunde nne. Makete, nyanda za juu za Tanzania, ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Muscat ya Omani saa mbili na nusu, na Winnipeg ya Kanada bado ilikuwa jana, saa nne na nusu usiku. Rafiki zangu wa huko, wote watatu, walijibu kabla chai haijachemka.

Wa Muscat, kwa ile sauti yake ya kuvuta maneno: "Masikini weye! Pole shoga yangu. Na ya kulia ndiyo yenye kazi." Wa Winnipeg, ambaye kwake leo ni nyuzi 31 chini ya sifuri, alitoa maelekezo: soksi kwanza, juu yake mfuko wa plastiki, halafu soksi nyingine, upepo usipate pa kupenya. Mama wa Makete yeye aliuliza tu, "Umekunywa chai?"

Mama yangu mzazi, aliyeko Tanga, sikumwambia. Ningemwambia nini? Huko sasa upepo ni wa kaskazi, watu wanalala madirisha wazi, embe zinadondoka uani usiku na kuwashtua kuku. Nikimwambia glavu imepotea ataniona nimekufa ganzi barabarani, na hatalala. Halafu nimejifunza kwamba simu ya nyumbani ina aina ya habari inazozibeba: msiba, harusi, ada ya shule, hela imefika au haijafika. Ukipiga kutoka Ulaya ukasema visigino vimepasuka, au nguo zilizofuliwa hazikukauka, anayekusikiliza ananyamaza akingoja useme lililokufanya upige. Na lililokufanya upige ni hilo hilo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa niliyabeba mwenyewe. Hakuna lililokuwa kubwa. Giza, kwa mfano. Saa yetu ya Kiswahili waliitunga watu wenye jua la uhakika: jua linachomoza, tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, hadi linapotua saa kumi na mbili. Hapa mwishoni mwa Desemba jua linatokeza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshakwenda zake. Nilikuwa nikitazama saa ukutani nasema moyoni "saa mbili asubuhi", na nje ni usiku mtupu, na neno asubuhi linanikwama. Mji wenyewe unalijua tatizo hili. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya hapa iliweka taa kali katika vituo vya basi, zile za kutibia watu wanaoelemewa na giza, ili abiria wapate mwanga wakingoja. Mimi sikuzikuta. Nilikuta vidonge vya vitamini D na ushauri wa daktari kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tusiviache.

Vitumbua ndivyo vilivyotukutanisha sisi wanne. Mwisho wa 2020, watu wamejifungia majumbani, kila mmoja wetu alikuwa akiuliza mtandaoni swali lile lile: mbona mchele niliosaga hauumuki? Mimi jikoni kwangu kulikuwa na baridi. Wa Winnipeg hamira yake ilikuwa imelala. Wa Muscat alikuwa na shida iliyo kinyume, wake ulikuwa unaumuka upesi mno na kuchachuka. Aliyetujibu wote alikuwa Mama wa Makete, anayelima viazi mviringo kule juu ambako umande huganda Juni na Julai na kuunguza majani yakawa meusi. Akasema: "Wanangu, sufuria haitaki kuonewa. Ivisheni nguo." Akatuonyesha ya kwake, imefungwa kanga mbili na kuwekwa hatua tatu kutoka jikoni. Ya kwangu niliifunga sweta nikaiweka chini ya dirisha, karibu na kile chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto. Ikaumuka. Tokea siku ile hatujaachana, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake ana kwa ana.

Tunaambiana nini? Leo ni glavu. Wiki iliyopita ilikuwa mafuta ya nazi. Mdogo wangu alinitumia chupa kutoka Tanga kwa mkono wa msafiri, nikaiweka kabatini. Asubuhi yake imekuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nilisimama na ile chupa nikalia. Sikulilia mafuta. Nilikuwa nimepanga kujipaka nikanukie nyumbani, na nyumbani kwenyewe hakutaki kutoka chupani. Wa Muscat akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Itie kifuani chini ya nguo, kaa nayo. Uipe joto lako." Nikakaa nayo nusu saa. Ikatoka.

Yeye baridi haijui, ila kifungo anakijua. Julai na Agosti Muscat watu wanajifungia ndani kama sisi tunavyojifungia Januari. Maji ya bombani yanachemkia kwenye matangi juu ya paa, na anayetaka kuoga maji ya uvuguvugu huyateka usiku yakapoa. Mwezi huo yeye ndiye anayechoka, anayekosa usingizi, anayesema kuta zinamsogelea. Sisi wa kaskazini tunakuwa na mwanga hadi usiku na nguvu za kumbembeleza. Makete nako Julai ndiyo baridi kali. Kwa hiyo kila mwezi wa mwaka kuna mmoja wetu aliyefungwa na hali ya hewa, na kuna mmoja mwenye nafasi ya kumsikiliza.

Kuna Julai moja ninayotaka kuiandika. Sijawahi kuiandika.

Huku ilikuwa saa nne usiku na nje kweupe. Makete ilikuwa saa tano. Mama akatuma ujumbe, sauti nzito kidogo: "Wanangu, leo kichwa kinaniuma tangu magharibi. Baridi imezidi, nimejifungia na jiko langu na mjukuu, tunalala." Nikaandika, "Pole mama, lala salama." Nikautuma. Ninayo mpaka leo hayo maneno katika simu, na sitayafuta.

Wa Winnipeg alikuwa mapumzikoni kazini, mchana wa huko. Hakuandika pole. Alipiga simu. Iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Mara ya nne Mama akapokea, na wa Winnipeg anasema alimsikia anaongea kama mtu aliyelewa. Akampigia kelele: "Mama, fungua dirisha! Fungua mlango! Toa jiko nje, mtoe mtoto nje, sasa hivi!" Alijua kwa sababu ukutani kwake kuna king'ora kidogo cha kunasa hewa hiyo, na kila mwaka baridi ikikaribia anakibadilishia betri. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi kama moshi. Inaingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na dalili zake ni zile za uchovu wa kawaida: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtu anadhani amechoka. Anajifunika vizuri, analala.

Mtoto alitolewa akiwa mlegevu, akatapikia kibarazani. Mama alikaa naye nje kwenye ule umande unaoganda, wamejifunika blanketi moja, na sisi watatu tukabaki hewani tukiwasemesha hadi jirani alipofika. Wa Muscat alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Mimi sikuwa na la kusema. Nilimwambia Mama anihesabie moja hadi ishirini, akimaliza aanze tena, ili nisikie kama ulimi unapungua uzito. Asubuhi walipelekwa zahanati. Walipona wote wawili.

Ninachokiwaza mara kwa mara ni kile kichwa. Kichwa kuuma ni jambo dogo. Wanawe wa kuzaa wako Mbeya na Dar es Salaam, na alisema baadaye kwamba asingewapigia usiku ule, angewapigia kwa kichwa tu? Kwetu alilisema kwa vile sisi tumezoeana kusema vitu vya namna hiyo, glavu, visigino, hamira. Lilipita katika mlango uliokuwa umeshafunguliwa na vitumbua.

Baada ya hapo, kila usiku Juni hadi Agosti, mmoja wetu huuliza, "Jiko liko nje?" Na Mama hutuma picha: jiko kibarazani, makaa yanafifia, pembeni ndala zake. Hatumwamini kwa maneno. Tunataka picha.

Nimerudi kutoka kazini saa tisa, giza limeshaanza kuingia. Ule ufundi wa plastiki kati ya soksi umefaa kweli, vidole vyote ninavyo. Mzee wangu wa tatu, bibi wa miaka tisini na kitu, aliushika ule mkono wangu wa soksi akaupuliza kama anavyopuliziwa mtoto aliyeungua. Katika kahawa ya mchana nilipitia duka la mikate karibu na mto. Waswidi hutia iliki katika mikate yao ya tamu, iliki nyingi, iliyotwangwa nusu hivi kwamba unaitafuna. Mara ya kwanza nilipofungua mlango wa duka lile harufu ilinisimamisha, nikaona meza ya mama na maandazi juu ya gazeti. Siku hizi nikiwa na siku ngumu napita pale hata kama sinunui. Leo nilinunua.

Njiani nilitafuta glavu. Watu wa hapa wakiokota glavu theluji inaponyesha hawaichukui wala hawaiachi chini. Huichomeka juu ya mti wa uzio, vidole vikitazama juu, ili mwenyewe akipita aione. Niliikuta moja kwenye uzio wa shule, nyekundu, ya mtoto. Yangu sikuiona. Nikapiga picha ile nyekundu na kuituma, na wa Muscat akataka kujua ni ya mtoto wa miaka mingapi, na kama usiku huu atakuwa na nyingine.

Halafu akaomba, kama anavyoomba kila baridi ikikolea, nimtumie theluji aisikie. Baridi ikiwa ndogo theluji haina sauti. Ikikaza hivi inalia chini ya kiatu, kavu, kama unga wa wanga ukiubinya ungali kwenye mfuko. Nikashusha simu karibu na miguu nikatembea hatua ishirini chini ya mibetula, miti ya hapa yenye magome meupe, peke yangu, nikihesabu. Akajibu kwamba ameisikiliza mara tatu na mumewe amekuja kuuliza ni mnyama gani.

Sasa ni saa nne usiku. Chai ya tangawizi imebaki nusu kikombe. Dirishani nimeweka mshumaa, kwa kuwa madirisha yote ya jengo la mbele yana taa na mishumaa mwezi mzima na sikupenda langu liwe jeusi. Makete ni saa sita, mvua inanyesha, Mama alipaswa kuwa amelala zamani. Hajalala. Ujumbe wake umeingia sasa hivi: "Mwanangu, mshumaa umezimwa?"

Nimemjibu ndiyo mama, shikamoo, lala.

"Picha," ameandika.

Nimeinuka, nimeupuliza, na nimeupiga picha utambi ukiwa bado unatoa moshi.