Nyambizi ya mbao juu ya meza ya cherehani

Kaka yangu anaishi Hamburg, na kila akirudi likizo huniletea kitu ambacho sikumwagiza. Mwaka juzi ilikuwa mashine ya kumenya matufaha, kwa mtu anayeishi Kisumu na kula maembe. Safari hii alitoa begini boksi bapa lenye picha ya nyambizi, akaliweka juu ya meza yangu ya cherehani, katikati ya sketi za shule, akasema, "Dada, wewe si fundi? Hii ni yako." Nikadhani anataka nimpe mwanangu. Akasema hapana, mtoto ataivunja.

Alikuwa ametembelea Laboe, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, ambako nyambizi moja ya Vita vya Pili vya Dunia, U-995, imewekwa nchi kavu ufukweni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na watu huingia kuitazama. Ni chuma cha mita 67, na humo waliishi wanaume zaidi ya 40, wengine wakipokezana kitanda kimoja. Kaka ni mrefu. Anasema aligonga kichwa mara tatu kabla hajafika mlango wa kutokea.

Iliyokuwa boksini haifanani na hiyo. Ni nyambizi ya kubuni, fupi na nene kama mamba aliyeshiba, sentimita 42 kutoka pua hadi mkia. Ubavu mmoja umeachwa wazi ili uone vyumba vya ndani, na nyuma kuna mkono wa kuzungusha: ukiuzungusha, giya za mbao zinageuza propela na kuinua periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji. Vipande 187. Hakuna msumari hata mmoja.

Iliketi chini ya meza miezi mitatu. Januari fundi wa nguo hana muda wa nyambizi. Ni sare, sare, sare, na wazazi wanaotaka kaptura leo jioni kwa kitambaa walicholeta leo asubuhi. Niliifungua Aprili, mvua zilipoanza na wateja wakaadimika.

Ndani mlikuwa na mbao sita za plaiwudi, unene wa milimita 3, kila moja kama trei ya chai. Zilikuwa zimekwisha kukatwa kwa leza, ila vipande havikuwa vimetoka. Kila kimoja kilishikiliwa na vidaraja viwili vitatu vyembamba kama kijiti cha kiberiti, mpaka ukisukume kwa kidole gumba. Kingo zote nyeusi, na harufu ya moshi iliyojaa kibanda kizima hata jirani yangu muuza omena akauliza naunguza nini.

Nilizitazama mbao zile kwa muda mrefu bila kutoa kipande, maana nilikuwa nimekutana na kazi yangu mwenyewe katika nguo nyingine. Hii ni paterni. Mchoraji amepanga vipande vibanane kitambaani ili kisipotee kitu: ubavu mdogo umelala ndani ya tundu la ubavu mkubwa, giya katikati ya sakafu. Mimi nikipata mita mbili na nusu za kitambaa cha suti hufanya vivyo hivyo, mfuko naukata kwenye kona ya mkono. Alama za kuunganishia zipo, namba zipo. Kitu kimoja tu ndicho kilichonishinda kukielewa, nikamuuliza kaka kwa simu: nafasi ya mshono, ile ziada inayoachwa kingoni, iko wapi?

Haipo. Leza haina nafasi ya mshono, ina kinyume chake. Mkasi wangu hugawa kitambaa bila kukila. Leza inakila kitambaa. Ni mwale wa joto, hauna meno, unachoma mbao mpaka inakuwa moshi, na mstari unaobaki mtupu una upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Mchoraji lazima ahesabu hicho kilicholiwa, la sivyo kila ulimi, ile ncha ya kipande inayochomekwa, utacheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hii ilinifurahisha siku nzima. Nilimweleza mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali, naye akatazama zile mbavu nilizokwisha kuzipanga kwenye uti wa mgongo wa nyambizi, akasema, "Fundi, suruali yangu sijaiona. Naona umenishonea mgongo wazi."

Kwa asiyeijua Kisumu: mgongo wazi ni mbuta, yule sangara wa ziwani, aliyekwisha kutolewa minofu viwandani, kikabaki kichwa, mifupa na mkia, tunakaanga na tunakula. Alikuwa na haki. Kilikuwa mgongo wazi kamili.

Tabu ya kwanza ililetwa na hewa ya hapa. Plaiwudi ni tabaka za mbao nyembamba zilizobandikwa, nyuzi za tabaka moja zikikatisha za jirani yake ili ubao usijikunje. Lakini ziwa likiamua kukutumia unyevu wiki tatu mfululizo, hujikunja. Mbao mbili zilipinda kama kola iliyofuliwa vibaya. Maelekezo hayakusema kitu kuhusu hilo, aliyeyaandika bila shaka anaishi mahali pakavu. Nikafanya ninalolijua: nikatandika kitambaa cha pamba, nikapitisha pasi ya makaa (stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi), kisha nikazilaza usiku kucha chini ya kichwa cha cherehani la zamani, ambalo ni chuma kitupu. Asubuhi zilinyooka. Sio kama kioo, lakini zilinyooka.

Kuhusu gundi sina mengi. Gundi nyeupe ya maseremala inatosha, ila haipendi kushika kwenye kingo zilizoungua. Pale penye ulimi unapitisha msasa kidogo, masizi yatoke mbao ionekane. Kidogo tu, ukikazana unapunguza ulimi wenyewe. Badala ya vibanio maalumu nilitumia vibanio vya nguo na uzi wa kushonea magunia. Giya nilizipaka mshumaa kwenye meno, mshumaa uleule ninaopaka uzi nikishona kwa mkono.

Kosa langu kubwa lilikuwa la 6 na 9. Mbavu zimepewa namba kuanzia pua, na leza ilizichora vizuri, lakini hakuna aliyekumbuka kuweka kistari chini ya 6. Ubavu wa 6 na wa 9 vinafanana kama mapacha, tofauti ya milimita mbili. Nikavibadilisha mahali, nikatia gundi, nikaenda kulala nimeridhika. Siku mbili baadaye nilipoanza kuvalisha ngozi, zile fito nyembamba zinazopita nje ya mbavu, zikagoma. Zinaingia bonde, zinapanda kilima. Nikasugua kwa msasa, nikalainisha kwa maji, nikamlaumu mchoraji, nikamlaumu kaka.

Aliyeliona kosa ni mzee wangu, yaani baba, na macho yake hayaoni vizuri. Alikuwa ametoka Ahero kuja kliniki ya macho, akalala kwangu siku nne. Nilimwekea ile kitu magotini ili tu awe na cha kushika wakati napika. Akapitisha kidole gumba juu ya mbavu, polepole, kutoka pua kwenda mkia, akasimama. Akarudi nyuma. Akasema, "Hawa wawili wamekaa kiti cha mwenzake."

Nikamuuliza amejuaje. Akashangaa swali lenyewe. Mwaka 1965 alikuwa kijana wa miaka 21, kibarua bandarini Kisumu, wakati ile feri ya kubeba mabehewa ya reli, MV Uhuru, ilipokuwa ikiunganishwa. Uhuru ilitoka Glasgow kwa wajenzi wa Yarrow. Najua nimeishi mji huu tangu nizaliwe na nimeiona meli hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza imefikaje. Hakuna mto wa kuileta meli toka bahari hadi huku. Ilikuja kwa mabehewa, vipande vipande, vyuma vina namba. Mzee anasema kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta namba. Anatumwa, "Leta hii," anaandikiwa namba kiganjani kwa chaki, anazunguka kwenye lundo la mabamba juani mpaka ailete. Na chuma kilichosimamishwa pasipo pake, anasema, ulikijua kwa kupitisha mkono kabla ya kukijua kwa macho.

Basi nikaanza kusoma. Haikuwa Uhuru peke yake. Meli ya kwanza ya mvuke kuunganishwa hapa, William Mackinnon, ilijengwa Paisley huko Scotland. Waliiunga kwanza kwa bolti huko kwao, wakatia kila kipande namba, wakaifungua tena ikawa mamia ya vipande, wakaituma Mombasa kwa bahari. Reli wakati huo haijafika ziwani, imefika Desemba 1901, kwa hiyo njia ya mwisho vipande vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Ikaunganishwa, ikashushwa majini hapa Kisumu Juni 1900, mwaka mmoja na nusu kabla ya treni. Meli zilizofuata zilikuja kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo wale wanaopita mlangoni kwangu na kucheka, mwanamke mzima anaunganisha vipande vya boksi, wakumbuke kwamba bandari yao ilianza kwa vipande vya boksi. Walichokosa tu ni leza. Leza ya kaboni dioksidi, aina inayokata mbao kama hizi, ilitengenezwa na Kumar Patel huko Marekani mwaka 1964, na mzee wangu alishika chaki kiganjani mwaka mmoja baadaye.

Kuuondoa ubavu uliogandishwa kuna mateso yake. Kitambaa chenye maji moto, subira, kisha wembe wa kufumulia mishono. Ubavu wa 9 ulitoka mzima. Wa 6 ulivunjika, nikakata mwingine kwa msumeno mdogo kutoka kwenye fremu ya ubao, ule mzoga unaobaki vipande vikishatoka. Ukitazama kwa karibu utauona, kingo zake nyeupe, wenzake wote weusi.

Mwanangu ana miaka kumi na swali lake lilikuwa moja tangu mwanzo: itazama? Nikamwambia mbao haizami. Akasema basi si nyambizi. Sikuwa na jibu la haraka. Aliuliza pia kama ile ya Laboe ingeweza kuingia ziwani kwetu, nikamwambia upande huu wa Kisumu ingekwama kwenye matope ikiwa kichwa chake kiko nje, kina hapa ni mita chache tu na yenyewe ni ndefu kwenda juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Hata katikati ya ziwa lote, penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80. Ungeisimamisha kwa mkia, pua ingebakisha mita kumi na kitu kufika juu. Hilo la mwisho alilipenda sana, akachora picha.

Lakini la kuzama halikumtoka. Nyambizi ya kweli huzama kwa kunywa: ina matangi pembeni, inafungua maji yaingie, inakuwa nzito, inashuka, ikitaka kupanda inayasukuma nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Yetu haina tangi, ubavu wazi. Nikaipaka vanishi mara tatu, nikaiacha ikauke siku mbili, tukaipeleka kwa jirani wa omena tuipime kwenye mizani yake. Gramu 342. Tukaiweka kwenye karai la kufulia. Ikaelea kwa ubavu, kama samaki aliyekufa, mwanangu akanuna.

Tukatafuta chubwi. Mvuvi mmoja wa Dunga alituuzia konzi ya risasi za nyavu, nikazishonea ndani ya kimfuko kirefu cha kitambaa cha mwavuli na kukifunga chini ya uti wa mgongo kwa uzi. Kwanza chache: ikasimama wima, ikaelea vizuri, mnara juu. Tukaongeza moja moja. Sitaha ikafika usawa wa maji. Ikabaki mnara peke yake. Ilipofika gramu 204 za risasi ilisitasita, kama mtu anayefikiria jambo, kisha ikashuka taratibu mpaka chini ya karai na kukaa pale imenyooka.

Mwanangu hakupiga kelele. Aliingiza mkono kwenye maji akazungusha ule mkono wa nyuma, na propela ikageuka.

Mzee alikuwa kwenye kiti mlangoni, uso ameuelekeza barabarani, kiraka cheupe cha kliniki juu ya jicho moja.

"Imezama?" akauliza.

"Imezama, Baba."

"Basi itoeni kabla haijavimba."