Mikate ya Pompeii

Jana nilifika Pompeii, Italia, mahali palipofukiwa na majivu ya volkano enzi za Warumi; miguu bado inaniwaka moto. Nilidhani nitaona magofu mawili matatu, kumbe ni mji mzima! Barabara za mawe zimechimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, na katikati kuna mawe makubwa ya kuvukia ili mtu asikanyage maji machafu.

Nilikwama kwenye duka la mikate. Mawe ya kusagia nafaka bado yamesimama, meusi, ya mwamba wa volkano. Punda au watumwa ndio waliokuwa wakiyazungusha. Tanuri lake ukiliona utadhani mwenyewe katoka kidogo tu. Katika tanuri moja mjini humo, mwaka 1862, ilikutwa mikate 81 iliyogeuka mkaa tangu volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK. Ya duara, ina mistari ya kukatia vipande vinane. Bibi yangu angesema huo si mkate wa sinia huo?

Miili ya plasta niliipita haraka. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Fiorelli alianza kumimina plasta kwenye matundu yaliyoachwa na maiti ndani ya majivu, ufundi mkubwa kwa kweli. Lakini watu wanapiga selfi nayo. Mimi nilishindwa.

Mkienda, bebeni maji. Kivuli hakuna.