Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kuhamisha kanzidata ya duka Kariakoo

Saa 11:40 alfajiri

Chai haijachemka, laptopu iko wazi. Kila alfajiri seva za wateja wangu hunitumia ripoti ya bekapu ya usiku. Zote huandika "imefanikiwa", na neno hilo siku hizi silisomi kabisa. Nasoma ukubwa wa faili.

Leo ya zahanati moja ya Morogoro, ambayo nimeipokea karibuni kutoka kwa fundi mwingine, imefanikiwa kama kawaida, ila faili ni nusu ya lile la jana. Nalifungua mwishoni. mysqldump, programu inayonakili kanzidata ya MySQL kwenye faili (dampo), ikimaliza salama huacha mstari wa kusema dampo limekamilika, na tarehe yake. Hapa mstari huo haupo. Faili limekatikia njiani. Nachimba kidogo: kuna mtumiaji wa MySQL aliyefutwa jana, na ripoti moja iliyohifadhiwa ndani ya kanzidata bado inategemea jina lake. mysqldump ilipofika hapo ikagoma. Lakini skripti inapitisha dampo moja kwa moja kwenye gzip, programu ya kubana mafaili, na Linux ikiulizwa matokeo hujibu kwa niaba ya amri ya mwisho tu. gzip ilibana ilichopewa, ikasema kazi imeisha. Naweka pipefail juu ya skripti ili kosa la mwanzo lisifichwe na la mwisho, narekebisha mwenye ripoti, naipiga bekapu upya. Zahanati bado haijajaa wagonjwa, hakuna atakayehisi.

Saa 2 asubuhi

Niko ndani ya daladala, foleni ya kawaida. Simu inaita. Ni kijana wa IT wa mteja mwingine.

"Dada, shikamoo. Diski imejaa, mfumo umeganda. Kuna mafaili makubwa humu yanaitwa binlog, niyafute?"

"Marahaba. Usiguse kitu, mdogo wangu. Hata kimoja."

Hao walipanda wenyewe kwenda MySQL 8.0 miezi iliyopita. Toleo hilo huandika kumbukumbu za kila badiliko, ndizo hizo binlog, bila kuombwa, na huzitunza siku 30. Kwenye toleo lililotangulia, 5.7, kumbukumbu hizo zilikuwa zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe, kwa hiyo diski iliyotosha jana haitoshi leo. Ukiyafuta kwa mkono, seva bado inayo orodha ya mafaili hayo na itayatafuta. Namwelekeza afute logi za zamani za programu ya mtandaoni ili apate nafasi ya kupumua, aingie MySQL atumie PURGE BINARY LOGS, kisha apunguze muda wa kutunza uwe siku 7. Dakika chache baadaye ananitumia ujumbe kuwa mauzo yanapita. Konda naye anadai nauli, nilikuwa nimemsahau.

Saa 4 asubuhi

Kariakoo. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi: mabati, rangi, misumari, nondo. Lina matawi Mwanza na Dodoma na stoo Chang'ombe, na wote wanaandika kwenye kanzidata moja iliyo chumba cha nyuma hapa. Iko kwenye MySQL 5.7, ambayo msaada wake uliisha Oktoba 2023. Tangu hapo tundu la usalama likigundulika, wenye MySQL hawalizibi tena.

Bosi alitaka turuke hadi toleo la 8.4 kwa mkupuo. Haiwezekani. Kutoka 5.7 lazima upite 8.0 kwanza, ingawa 8.0 nayo ukomo wake ni Aprili 2026. Kwa hiyo usiku wa leo ni hatua ya kwanza. Tarehe tuliipanga kwa kalenda ya duka, si yangu: mbali na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, mbali na hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi kwa sababu kesho hawafungui.

Seva mpya ya 8.0 tayari inakimbia pembeni. Inapokea kila mauzo kutoka kwa ile ya zamani sekunde hiyohiyo. Mbali na hiyo kuna nakala nyingine ya majaribio, na hiyo ndiyo tumeitesa muda wote huu. Chombo cha ukaguzi cha MySQL Shell kiliipitia kikakuta jedwali linaloitwa groups, lenye makundi ya bidhaa. Kwenye 8.0 neno hilo ni la MySQL yenyewe, na kila swali (amri ya kuomba data) linalolitaja bila alama za kulifunga linakataliwa. Aliyeandika mfumo alirekebisha kila mahali. Kulikuwa pia na mistari ya query_cache kwenye faili la mipangilio. Kitu hicho kiliondolewa, na 8.0 ikiukuta mstari wake haiwaki.

Saa 5:30 asubuhi

Hapa ndipo siku ilipoiva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo ndiyo leo?"

Mhasibu wao ni mzee wa miwani na daftari la kaunta buku. Nimemwomba akae mbele ya nakala ya majaribio, atoe ripoti zake zote za mwezi, azilinganishe na zile za mfumo wa zamani. Si jumla peke yake, kila mstari. Anapiga rula chini ya mstari mmoja mmoja.

Ripoti ya tatu anasimama. Ni mauzo ya kila siku, na safu ya mwisho ni jumla tangu mwezi uanze hadi siku hiyo.

"Hii hesabu inatembea kinyumenyume."

Kweli. Tarehe 9 iko juu ya tarehe 3, na jumla inayokua imekua kwa kufuata mpangilio huo. Chini kabisa, jumla kuu ni sawa hadi senti. Ungelinganisha chini kwa chini usingeona kitu. Chombo cha ukaguzi hakikuona pia, maana kinatazama majedwali na mipangilio, si maswali yaliyoandikwa ndani ya PHP, lugha ya programu iliyoandikia mfumo. Na hata swali lenyewe halina kosa la kisarufi.

Sababu ni hii. Kwenye 5.7, ukikusanya mauzo kwa GROUP BY tarehe, MySQL ilikupangia majibu kwa tarehe pia, bila kuombwa. 8.0 imeacha. Inakusanya tu, mpangilio uuagize mwenyewe kwa ORDER BY. Mwandishi wa ripoti aliutegemea upendeleo ule, tena akajumlisha mstari kwa mstari juu yake. Kwa haki kabisa 8.0 ndiyo iliyo sahihi: tangu Edgar Codd wa IBM aandike nadharia ya kanzidata za aina hii mwaka 1970, safu mlalo za jedwali hazina wa kwanza wala wa mwisho mpaka wewe useme. Ila jambo hilo huwezi kumweleza mzee mwenye rula mkononi.

Dawa iko ndani ya 8.0 yenyewe. Toleo hili limeleta SUM yenye OVER, ambayo hujumlisha kwa kufuata tarehe unayoitaja, na haijali mistari imekuja vipi. Tunaandika upya ripoti hiyo na nyingine mbili za namna hiyo, mzee anazipitia tena kwa rula.

Wali na maharage tunakula saa 9, vikiwa vimepoa.

Saa 12 jioni

Kikao kifupi, wima, karibu na makreti ya rangi. Nataka jambo moja kutoka kwa bosi: saa ya kurudi nyuma.

"Kwani dada, unaona itashindikana?"

"Sijasema hivyo, bosi. Nataka tukubaliane sasa, wakati hakuna aliyechoka."

Mpaka risiti ya kwanza itakapoingia kwenye seva mpya, kurudi kwenye ya zamani ni kazi ya dakika, kwa sababu zote mbili zina data ileile. Risiti ikishaingia, seva ya zamani haina risiti hiyo, na 8.0 haiteremki kuwa 5.7. Kuanzia hapo kurudi ni kupoteza mauzo au kuyaandika upya kwa mkono. Watu wengi hunilipa wakidhani wananunua toleo jipya. Mimi nauza zaidi huo muda ulio kabla ya risiti ya kwanza, ndiyo maana naupigania. Tunaandika kwenye karatasi: ikifika saa 6 usiku hatujaridhika, tunarudi, bila mjadala. Bosi anasaini.

Saa 1:20 usiku

Mteja wa mwisho ameondoka na mabati yake. Jenereta limewashwa japo umeme upo; sitaki kuhama chanzo cha umeme kazi ikiwa katikati. Naifunga seva ya zamani isiandike. Mwanza wanapiga simu palepale: kuna ankara ya mteja haijahifadhiwa. Naifungua, wanamaliza, naifunga tena.

Seva mpya inasema iko nyuma kwa sekunde sifuri. Hiyo haitoshi. Nalinganisha namba ya mahali zilipofikia zote mbili kwenye kumbukumbu za mabadiliko, kisha napiga hesabu ya uhakiki kwenye majedwali makubwa: mauzo, stoo, madeni. Zinafanana. Nakata uhusiano, seva mpya inachukua anwani ya zamani ili kompyuta za makeshia zisiguswe.

Saa 3 usiku

Dukani sawa. Dodoma sawa. Chang'ombe, kimya. Kumbe stoo ina programu yake ndogo ya kupokea mizigo, ya PHP ya zamani sana, na hakuna aliyewahi kuitaja kwenye vikao vyote. Inalalamika kuwa seva imeiletea aina ya herufi isiyoijua. Hilo nalifahamu: 8.0 husalimia kwa utf8mb4, PHP za miaka ile hazikuielewa salamu hiyo. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio unaifanya seva isalimie kwa utf8 ya kale, majedwali yenyewe hayabadiliki. Nawasha upya. Chang'ombe wanaingia. Naandika pembeni kwamba programu hiyo lazima ife kabla ya 8.4.

Saa 4:30 usiku

Mzee anatoa ripoti zake kwenye seva mpya, rula mkononi, halafu anafunga daftari. Zimebaki saa moja na nusu kwenye karatasi yetu.

Risiti ya majaribio haipo hapa. Mfumo umeunganishwa na TRA, mamlaka ya mapato, kila risiti inayotoka ni ya kodi, ya kweli. Kwa hiyo bosi mwenyewe ananunua kilo mbili za misumari ya inchi nne, keshia anapiga, risiti inatoka na msimbo wake. Njia ya kurudi imefungwa.

Ripoti za mwanzo zinakwenda polepole kwa sababu kumbukumbu ya muda ya seva (RAM) bado tupu. Naziendesha zile nzito ili ipate joto kabla ya Jumatatu.

Saa 5:50 usiku

Bekapu ya kwanza ya seva mpya inaisha. Nimetumia XtraBackup 8.0, programu ya bekapu, maana ile 2.4 waliyokuwa nayo haisomi toleo hili. Seva ya zamani naiacha imewaka, imefungwa isiandike. Kesho saa 4 asubuhi kijana wao atairejesha bekapu hiyo kwenye kompyuta ya pembeni, akikwama atanipigia. Jumatatu nitakuwa dukani kabla makeshia hawajaingia. Bajaji ya kwenda nyumbani inadai elfu kumi. Usiku huu sina nguvu ya kubishana.