Nilibadilisha sauti, namba sikubadilisha

"Subira yavuta heri." Nikiwa nangoja majibu ya usaili wa kazi, niliambiwa hivyo na watu wasiopungua saba ndani ya wiki moja, wote wana kazi zao. Hakuna aliyeniambia, wakati subira inaivuta hiyo heri, mimi mikono niiweke wapi.

Usaili wenyewe ulikwenda vizuri. Jopo la watu watatu, dakika 40, mmoja alicheka nilipotania, na mwishoni wakaniuliza naweza kuanza lini. Swali hilo ndilo lililoniponza. Nililibeba hadi nyumbani kama barua ya ajira. Leo najua kwamba huulizwa hata asiyechukuliwa; siku ile nilishaanza kufikiria nitavaa nini Jumatatu ya kwanza. Wakasema watanijulisha ndani ya wiki mbili.

Siku ya nne rafiki yangu, mtu wa kujiamini kupita kiasi, akanishauri nipige simu. "Wajue unaitaka kweli, bwana." Nikapiga. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba mchakato unaendelea. Siku ya sita nikapiga tena. Mchakato bado unaendelea. Siku ya nane niliona haya kupiga kama mimi, nikajiona nimepata akili: nikakaza koo, nikatoa sauti nzito ya mzee mwenye cheo, nikauliza kama ile nafasi iliyotangazwa imeshapata mtu, maana "kuna kijana wangu anaitaka." Kimya kidogo. Kisha yule dada akasema, taratibu kabisa, "Kaka, majibu yakitoka tutakupigia," akamalizia kwa jina langu, yote mawili. Nilikuwa nimebadilisha sauti, namba sikubadilisha. Nilikata simu nikabaki kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani. Gharama ya ushauri ule: salio kidogo, na aibu isiyopimika.

Basi nikaacha kupiga, lakini kungoja sikuacha. Bafuni niliingia na simu, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Barua pepe nilizifungua hata saa tisa za usiku, kana kwamba kuna afisa utumishi anayekesha akiandika jina langu. Siku ya kumi ndipo nikagundua kwamba zamani, kwa kuwachoka matapeli, niliiamuru simu inyamazishe kila namba nisiyoijua. Siku kumi nimelala na simu bubu! Kabla hujaanza kufunga na kuomba, angalia hilo kwanza. Folda ya barua taka nayo usiisahau.

Kilichonitoa humo kilitokana na kusoma kuhusu Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1927 majaribio ambamo watu walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa katikati kuliko walizozimaliza. Nikasema, huyu ni mimi: usaili wangu haujaisha kichwani. Nikaamua kuumaliza mwenyewe. Nikakaa mezani nikajiandikia barua ya kukataliwa, kwa niaba yao. "Tunasikitika kukufahamisha..." Nikaweka kumbukumbu namba, nikaacha nafasi ya muhuri, aya ya pili nikajisifia kwa kuwa hakuna wa kunizuia, nikajitakia kila la heri. Kisha nikaisoma kwa sauti. Tumbo lilikaza. Halafu likalegea, nikasikia njaa, njaa ya kweli, mara ya kwanza tangu usaili.

Dada yangu alipoikuta barua ile mezani alinigombeza kwamba najitabiria mabaya. Yeye alitaka kila asubuhi niseme "kazi ni yangu." Nilishajaribu siku tatu, na kila nilipotamka hivyo swali likafuata lenyewe: kama ni yangu, mbona hawapigi?

Baada ya hapo barua pepe nikazifungua mara mbili tu kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Maswali yote niliyoulizwa nikayaandika daftarini, hasa lile la tatu nililolijibu hovyo, nikalijibu upya mpaka nikaridhika. Na kila mkono ulipowasha kupiga simu, nilituma ombi la kazi mahali pengine. Mkono uliwasha sana, kwa hiyo maombi yalikuwa mengi.

Wiki mbili zilipopita, siku ya 17, niliwaandikia mara moja tu, sentensi tatu: nashukuru kwa usaili, bado naihitaji nafasi, majibu nitarajie lini. Wakajibu siku hiyohiyo: mkuu wa idara yuko likizo. Likizo! Na mimi muda wote nilikuwa naupigia ramli ukimya wake.

Siku ya 26 barua yao ikaja. "Tunasikitika kukufahamisha..." Ilikuwa fupi kuliko yangu, na haikunisifia popote. Niliisoma nikiwa napiga pasi shati la usaili wa Alhamisi.